Goroli moja tu, nusura nimkose Mama!

Kama una gari, nenda kwanza ukayaangalie magurudumu ya nyuma halafu urudi tuongee. Leo sina habari za mapenzi, wala za nani kaonekana na nani pale Nyerere Square. Leo naungama. Na dhambi yenyewe sikusingiziwa na mtu. Niliifanya mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, mchana kweupe, chini ya mwarobaini kwenye gereji moja ya Kizota.

Kisa kinahusu breki. Najua kuna mliokwisha kuanza kufunua ukurasa mwingine mkisema hayo ni mambo ya mafundi. Subirini, wajameni! Kama hauna gari, si unapanda la mwenzio? Daladala unapanda, teksi unapanda, lifti ya shemeji ndiyo usiseme. Kote huko uhai wako uko mikononi mwa kidude cha chuma kikubwa kama ngumi mbili, kinaitwa kalipa.

Haya, tuanze mwanzo. Kwetu kuna ndinga moja, Mark II ya mwaka 1999, ile yenye breki za diski mpaka nyuma. Yaani mimi na lenyewe tumezaliwa mwaka mmoja, ila lenyewe limezeeka mapema. Kwenye kadi ni gari la Mjomba, kwenye usukani ni langu. Mjomba akilihitaji ananipigia simu, nampelekea likiwa limeoshwa. Mkataba wetu ndio huo na haujawahi kuandikwa popote.

Sasa ijumaa moja nikawa najiandaa kwenda Kongwa kwenye sendoff ya dada wa mshikaji wangu. Ilikuwa nimbebe MC, maspika mawili na akina dada wanne wa kamati. Asubuhi yake, natoka Nkuhungu naingia mjini, nikasikia harufu kama ya kamba inayoungua. Gari zito, ukikanyaga mafuta linanung'unika. Nikasimama, nikasogeza kiganja karibu na rimu ya nyuma kulia. Weee! Moto kama jiko la mkaa.

Nikakimbilia kwa fundi. Akaweka jeki, akalizungusha gurudumu kwa mikono miwili, halizunguki. Akaniangalia.

"Mdogo wangu, kalipa imejam. Inabidi niifungue yote, tutafute repea kiti, niisafishe, niifunge. Kesho jioni unaondoka."

"Kesho jioni? Fundi, kesho jioni mimi niko ukumbini Kongwa! Hakuna dawa ya leo leo?"

Akakuna kichwa. Akasema maneno ambayo hadi leo yananirudia usiku: "Ya leo ipo. Lakini siyo dawa."

Hiyo "siyo dawa" ni hivi. Unairudisha pistoni ndani kwa nguvu mpaka gurudumu liachie. Halafu unafungua paipu ya oili inayokwenda kwenye gurudumu hilo, unatumbukiza goroli, hizi hizi goroli za baiskeli, unakaza nati juu yake. Basi. Oili haipiti tena na kalipa haibani tena. Gari linabaki na breki tatu, na dereva hajui tofauti.

Fundi aliniambia wazi hajipendekezi kufanya hivyo. Mimi ndiye niliyesema, kwa mdomo wangu huu: "Ziba tu, kaka. Nikirudi nitakuja tuitengeneze."

Msomaji, nikirudi nilirudi. Sendoff ilikuwa bomba ile mbaya, gari halikuleta neno, na gereji sikwenda. Wiki ikapita, mwezi ukapita, miezi saba ikakatika. Wazee wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba kweli, ila nilichoziba hakikuwa ufa.

Ngoja nikueleze kwanza kwa nini nilisahau, maana hapo ndipo ulipo mtego wenyewe.

Gari likifunga breki, uzito wake wote unakimbilia mbele. Si unajua ukiwa ndani ya daladala konda anavyokurukia dereva akikanyaga ghafla? Ndivyo uzito unavyofanya. Kwa hiyo breki za mbele ndizo zinazofanya kazi kubwa, za nyuma zinasaidia. Ukiua moja ya nyuma, mjini hapa kwenye tambarare utazunguka kuanzia Area C mpaka Mkonze na hautahisi kitu. Mguu unakanyaga, gari linasimama, unapiga mluzi.

Na ndiyo sababu hizo hizo za nyuma ndizo zinazopenda kujam. Hazichoki, hazisukumwi kwa nguvu, zinakaa tu kama mtoto wa kitajiri. Pistoni inakaa sehemu ile ile miaka nenda rudi. Mpira wa vumbi unaoilinda ukishapasuka, na kwenye gari la mwaka 1999 umeshapasuka, wewe fikiria vumbi letu la Dodoma. Tangu mwezi wa tano mpaka wa kumi na moja mvua hakuna, ni upepo na vumbi jekundu tu. Halafu mwezi wa kumi na mbili mvua inashuka kwa hasira, tunapita kwenye madimbwi, tope linaingia humo humo. Vumbi likichanganyika na maji linazaa kutu, na kutu ikishika pistoni ni kama gundi.

Tena kuna adui mwingine hakai nje, anakaa ndani. Oili ya breki ina tabia ya kunyonya maji kutoka kwenye hewa. Kopo likikaa wazi inanyonya, ikikaa kwenye gari miaka inanyonya. Ile oili mpya ya DOT 3 haichemki mpaka joto lifike nyuzi 205 au zaidi. Ikishanyonya maji yake ya kutosha, kiwango kinachotakiwa kinashuka mpaka nyuzi 140. Oili ikichemka inatoa mapovu, na mapovu hayasukumi kitu. Oili ni ngumu, upepo unabonyea.

Shika hapo, maana sasa tunapanda Nyang'oro.

Palikuwa na msiba Iringa. Mjomba akalichukua gari, akampakia Mama mbele na shangazi wawili nyuma. Mimi nikalipeleka limeoshwa linang'aa. Goroli? Niliikumbuka, nisiseme uongo. Ilinipitia kichwani wakati namkabidhi funguo. Nikaona nikisema nitaonekana mzembe mbele ya shangazi. Nikanyamaza.

Kutoka Dodoma mpaka Iringa ni kilomita kama 260, lami tupu. Kwenda hakuna shida, unavuka bwawa la Mtera, unafika Migoli, halafu unaanza kuupanda mlima Nyang'oro. Kupanda hakuhitaji breki. Kasheshe ni kurudi. Kurudi unateremka kona baada ya kona, bonde liko upande mmoja na mwamba upande mwingine, na malori yanapanda kwa kuhema.

Mjomba alinisimulia baadaye. Anasema nusu ya mteremko alianza kusikia harufu. Kumbe ile kalipa ya nyuma kushoto, pacha wa ile niliyoiziba, nayo ilikuwa imeshaanza kushika na haiachii. Inasuguana na diski bila kuambiwa. Joto likapanda, oili ya zamani ikachemka. Akakanyaga pedali, ikazama. Laini kama mlenda! Akapampu mara mbili, mara tatu, ikapanda kidogo, ikazama tena.

Kilichowaokoa ni vitu viwili. Cha kwanza, masta silinda ya gari lile ina vyumba viwili, kimoja cha mbele na kimoja cha nyuma. Nyuma kukifa, mbele kunabaki, ila pedali inakwenda chini sana mpaka moyo unasimama. Cha pili ni Mjomba mwenyewe, dereva wa siku nyingi. Hakupiga kelele. Alirudisha gia kwenye L, injini ikanguruma ikalishika gari, akaivuta hendibreki taratibu, akaliegesha pembeni kwenye changarawe. Gurudumu la kushoto lilikuwa linatoa moshi.

Wakakaa pale zaidi ya saa nzima mpaka likapoa. Kisha akateremka kwa gia ndogo mpaka Migoli, kwa mwendo wa mkokoteni, na wakafika nyumbani usiku wa manane.

Na Mama je? Mama hajui mpaka leo. Aliposhuka alinikumbatia akaniambia, "Mjomba wako ana moyo mzuri jamani, alitupumzisha pale juu mlimani tukaangalia nchi ilivyo nzuri." Mimi nikaitikia, "Eeh, Mama." Koo limekauka.

Mjomba hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa afadhali. Kesho yake nilimkuta amechuchumaa nyuma ya gari.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Njoo uangalie hapa."

Diski ya kushoto ilikuwa imebadilika rangi, bluu bluu, kwa kuungua. Ya kulia ilikuwa nyekundu kwa kutu kama sufuria lililosahauliwa nje. Diski inayofanya kazi haishiki kutu usoni, pedi zinaisugua kila siku inang'aa.

"Hii ya kulia haijagusa pedi siku nyingi," akasema. "Wewe ndiye unayelala na gari hili. Unajua kitu?"

Nikamwambia yote. Akasikiliza, akafuta mikono. "Sasa utalifungua wewe," akasema. "Fundi atakuelekeza, mikono iwe yako. Nataka ukijue ulichokiziba."

Ndivyo nilivyorudi kwa fundi yule yule. Nilivaa ovaroli la kuazima, nikashinda chini ya mwarobaini siku mbili. Nakuandikia niliyoyaona, si ili ukajitengenezee peke yako, maana breki si mahali pa kujifunzia kwa kubahatisha. Nakuandikia ili ukisimama gerejini ujue unachofanyiwa.

Gari kwanza linasimama kwenye tambarare, mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, halafu linakaa juu ya stendi. Jeki peke yake inaua, usiamini jeki. Gurudumu likiwa juu unalizungusha. Limegoma? Legeza kidogo ile skrubu ya kutolea upepo. Likiachia papo hapo, kuna presha imenaswa, na mara nyingi mchawi ni hozipaipu iliyovimba kwa ndani. Likiendelea kugoma, basi ni pistoni au zile pini mbili ambazo kalipa inatelezea. Letu la kushoto lilikuwa na vyote viwili, pistoni na pini.

Pistoni ya kushoto tuliitoa kwa kukanyaga pedali yenyewe pole pole, kalipa imeshatolewa kwenye diski ila bado iko kwenye hozipaipu yake, kipande cha mbao kimewekwa mbele. Oili inasukuma kuliko nyundo yoyote. Ya kulia haikuwa na oili, goroli ilikuwa imelala pale pale na nati yake. Nikaifungua mwenyewe, ikadondokea kiganjani. Ndogo, kama punje ya choroko. Hiyo kalipa tukaipeleka kwenye kompresa ya jirani wa pancha. Fundi akanipiga kofi la mkono: "Toa vidole!" Pistoni ikitoka kwa upepo inatoka kama risasi. Mbao na matambara kwanza, upepo kidogo kidogo.

Ilipotoka, niliona aibu. Upande mmoja kutu imekula mpaka imeacha vishimo. Fundi akaniambia kanuni: kama ni uchafu na madoa tu, unasafisha kwa msasa laini kabisa. Kama kuna vishimo pale mpira unapopita, hiyo ni ya kutupa, itavujisha na itajam tena. Ya kulia tulinunua mpya, ya kushoto ilipona.

Halafu kuna mfereji ndani ya kalipa unaokaa mpira wa pistoni. Mpira huo ndio ulionishangaza kuliko yote. Hakuna springi inayoirudisha pistoni ukiachia pedali! Ni mpira huo huo. Ukikanyaga unajipinda, ukiachia unajinyoosha na kuivuta pistoni nyuma kidogo sana, hata unene wa kucha haufiki. Kwa hiyo mfereji ukiwa na uchafu, au mpira ukiwa umekakamaa, pistoni hairudi. Mfereji unasafishwa kwa kijiti cha mbao, siyo kwa bisibisi. Bisibisi inachora, na mchoro unavujisha.

Sasa sikia hapa, maana wengi ndipo tunapoharibikiwa. Mipira ya breki haioshwi kwa petroli wala dizeli, haipakwi oili ya injini, haipakwi grisi ya kawaida. Vitu hivyo vinaivimbisha, na mpira uliovimba unashika pistoni upya. Unatoka gerejini unacheka, unarudi mwezi ujao unalia. Kalipa huoshwa kwa spiriti au kwa oili mpya ya breki, mpira mpya unalowekwa kwenye oili hiyo hiyo, pistoni inasukumwa kwa viganja ikiwa imenyooka. Pini zina grisi yake maalumu, ya silikoni. Ukikuta fundi anachota grisi ya fani ya gurudumu anapaka kwenye pini, mzuie kwa adabu.

Ndani ya diski za gari letu kuna breki ndogo za viatu, ndizo za hendibreki. Tukazisafisha nazo, zile ndizo zilizomsaidia Mjomba. Diski zenyewe tukabadilisha mbili, pedi mpya pande zote mbili. Huwezi kubadilisha upande mmoja, gari litavuta.

Mwisho ni kutoa upepo. Oili yote ya zamani tukaimwaga, nyeusi kama kahawa. Tukaanzia gurudumu la mbali na masta silinda, nyuma kushoto. Mimi kwenye pedali, fundi chini na mpira mwembamba ndani ya chupa. "Kanyaga! Shikilia!" Anafungua, anakaza. "Achia!" Tuliimba hivyo mpaka mapovu yakaisha, magurudumu yote manne. Na kabla gari halijasogea hata hatua moja, unapampu pedali mpaka iwe ngumu. Usipofanya hivyo, mara ya kwanza utakayokanyaga utakuta hamna kitu, na ukuta wa jirani uko pale.

Gharama? Repea kiti, pistoni moja, pedi, diski mbili za mtumba, oili na mkono wa fundi, vyote vilikula hela ambayo mimi na washikaji tunaimaliza wikiendi mbili. Repea kiti peke yake, ambayo ndiyo tu iliyohitajika ile ijumaa ya sendoff, haikufikia hata pesa niliyomtuza MC ukumbini. Nilimtuza huku akina dada wananiangalia. Unaona nilivyokuwa mjanja?

Wengine tumezoea kuwatupia lawama mafundi. Wapo wababaishaji, sikatai. Lakini nusu ya ubabaishaji huo tunaununua wenyewe. Tunafika na haraka zetu, tunasema "fanya fanya liende", fundi naye ana watoto wa kulisha. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haitaki gari bovu liwe barabarani, na kila ikifika Wiki ya Nenda kwa Usalama tunabandika stika kwenye kioo. Stika haizibui goroli. Trafiki akikusimamisha anaona taa, anaona tairi, ndani ya paipu haoni. Anayejua ni wewe.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukinunua gari la mkononi hapa mjini, usiishie kuuliza redio. Liendeshe kilomita kumi, shuka, sogeza kiganja kwenye rimu zote nne bila kugusa. Moja ikiwa na moto kuliko wenzake, hiyo inang'ang'ania. Moja ikiwa baridi kabisa na diski yake imeshika kutu, uliza nani aliziba. Na kama ni wewe uliyeziba, sema. Sema kabla hujampa mtu funguo, hata kama shangazi wanasikiliza.

Goroli yangu ninayo. Iko hapa mezani ninapoandika, ndani ya kifuniko cha soda. Jumamosi iliyopita nilimpeleka Mama Hombolo kununua zabibu. Njiani akaniuliza mbona siku hizi kila tukisimama nashuka kushika magurudumu.

"Nayasalimia, Mama," nikamjibu.

Akacheka. Siku moja nitamwambia. Panapo majaliwa tukutane wiki ijayo, na breki zako ziwe nne.